Kabla Hujanunua Vitamini Dukani Kwangu

Nauza vitamini za kuku. Duka langu lipo Mbagala, pembeni ya Barabara ya Kilwa, na rafu inayotazamana na mlango imejaa paketi zenye picha ya kuku mwekundu aliyenona, pembeni yake trei la mayai. Katika vitu vyote ninavyouza, kuanzia vyombo vya maji hadi dawa ya utitiri, hakuna kinachotoka haraka kama hizo paketi. Kwa hiyo ninachotaka kusema kitauma mfukoni mwangu kabla hakijamgusa mtu mwingine: nyingi kati yake zinaishia kwenye mabanda yasiyozihitaji, na zinamfanya mfugaji asitazame mahali penye tatizo.

Mteja huingia na maneno yaleyale. "Dokta, kuku wameshuka. Nipe ya kupandisha mayai." Dokta ndiye mimi, mwanamke mwenye stashahada ya mifugo ya Mpwapwa na miwani iliyofungwa uzi. Nami namuuliza. Kuku wana umri gani? Wanakula nini, na kwa siku wanamaliza kilo ngapi? Maji yanatoka wapi? Taa mnazima saa ngapi? Maganda ni magumu, au ukibonyeza yanabonyea? Hapo sura yake hubadilika. Amepanda bodaboda kutoka Chamazi kuja kununua dawa, hakuja kufanyiwa usaili. Wengine hunijibu. Wengine huweka noti juu ya kaunta na kunyoosha kidole kwenye rafu.

Ninawaelewa. Kuku wa mayai anakula leo na kesho, atage asitage. Chakula peke yake hubeba kiasi cha asilimia 70 ya gharama za mradi, na wateja wangu wengi wamejenga banda kwa mkopo wa vikoba. Trei zikipungua kutoka saba hadi nne, mtu lazima afanye jambo kabla siku ya marejesho haijafika. Kubadilisha chakula ni hela ya mifuko mingi kwa mpigo. Paketi ni bei ya sahani ya chipsi mayai na soda, na inampa mtu la kufanya jioni ileile.

Basi tupige hesabu. Yai la kawaida la kuku wa kisasa lina uzito wa gramu 60 hivi. Ganda lake ni gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye chokaa na kwenye makombe ya baharini. Kalsiamu yenyewe ndani ya ganda hilo ni gramu 2 na ushei. Utumbo haufyonzi kila kilichoingia, ndiyo maana mtetea anayetaga kila siku anatakiwa ale kama gramu 4 za kalsiamu kwa siku. Kuku 100, gramu 400. Sasa chukua paketi ya gramu 100. Hata kama mtengenezaji angeijaza chokaa tupu bila kutia vitamini yoyote, ingekuwa na kalsiamu isiyofika gramu 40, na maelekezo yanakutaka uigawe kwenye ndoo na ndoo za maji. Kuku wako 100 wanahitaji mara kumi ya hiyo leo, na kesho tena. Gramu 400 hizo zinapatikana kwenye kilo moja na kidogo ya chokaa ya mifugo, na chokaa ndiyo bidhaa ya bei ya chini kuliko zote ninazouza.

Protini nayo ni hivyohivyo. Kila yai linaondoka na gramu 6 za protini. Kuku 100 wakitaga mayai 90, zaidi ya nusu kilo ya protini imetoka bandani siku hiyo, ikapangwa kwenye trei na kwenda kwa muuza chipsi. Itarudi kwa dagaa, kwa soya, kwa mashudu. Kijiko cha unga wa njano kwenye maji hakiwezi kuirudisha.

Kwenye ganda naomba nikae kidogo, maana ndilo linaloniletea watu wengi. Yai hutengenezwa kwa takribani saa 25, na kama 20 kati ya hizo linakuwa sehemu ile linapovikwa ganda. Kazi kubwa hufanyika usiku, kuku yuko kwenye kichanja, hali wala hanywi. Kalsiamu atatoa wapi? Kama asubuhi alikula chokaa ya unga laini, imeshapita zamani. Kama alasiri alidonoa punje kubwa, za ukubwa wa paraza, zimekaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole hadi alfajiri. Zisipokuwepo, mwili unachota kwenye mifupa. Mtetea ana akiba ya mfupa iliyowekwa kwa kazi hiyo hasa, lakini akiba inayochotwa kila usiku bila kurudishwa inaisha. Ganda linakuwa jembamba, kisha miguu inalegea, kisha asubuhi moja unamkuta kuku mzuri amelala ubavu bila kidonda na majirani wanakwambia ni mdondo.

Kwa hiyo nawaambia wateja wanunue makombe yaliyopondwa, wayaweke kwenye chombo cha peke yake kuanzia saa tisa alasiri. Anayetaga atayafuata mwenyewe. Asiyetaga atadonoa kidogo na kupita. Wasiwape vifaranga wala kuku wanaokua, kwa sababu chokaa nyingi katika umri huo huharibu figo. Makombe hayana picha ya kuku mwekundu, na wateja hunitazama kama vile nawafukuza.

Mwanga nitaupita haraka. Kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, lakini kuku wa kisasa hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, kwani mwanga ndio unaoamsha homoni za kutaga, tena humfikia kwenye ubongo kwa kupenya fuvu lenyewe. Taa ya wati chache kuanzia jua linapozama hadi saa nne usiku inatosha, mradi iwe kila siku. Ukiwasha Jumatatu, Jumanne luku ikaisha, Jumatano ukawasha tena, unawavuruga.

Maji ni habari nyingine, na Dar es Salaam tunaijua. Januari na Februari tenki jeusi linakaa juani, saa nane mchana maji yanatoka ya moto. Kuku hayanywi. Anahema mdomo wazi, na kwa kuhema hivyo anapoteza hewa ya ukaa kwenye damu, na ganda linakosa malighafi hata kama chokaa ipo tele. Asipokunywa hali, asipokula hatagi, na ile vitamini uliyoitia kwenye maji ya moto imebaki chomboni. Msimu huo elektrolaiti na vitamini C vina kazi kweli, naziuza kwa moyo mweupe. Lakini kwanza tafuta makuti ukafunike hilo tenki.

Mbona basi watu wanaapa kuwa paketi inafanya kazi? Kwa sababu mayai hupanda kweli baada ya kuitumia. Kuku hushuka kwa mambo mengi ya kupita: joto la wiki mbili, chanjo, kelele za fundi anayepaua nyumba ya jirani, kuhamishwa banda. Jambo likipita, wanarudi wenyewe. Na mfugaji huja dukani siku hali ilipokuwa mbaya kuliko siku zote, kwa hiyo zinazofuata zina kila sababu ya kuwa nafuu, na sifa anapewa aliyefika mwisho. Kijana mmoja wa Mbande mwenye mabanda mawili nilimshawishi atie dawa kwenye banda moja, jingine alipe maji matupu. Yote mawili yalipanda. Akarudi kunihadithia huku anacheka, kisha akanunua paketi nyingine. "Siwezi kuwaacha hivihivi, dokta." Nikampa na chenji yake.

Kuna na wale ambao kuku wao hawatapanda kwa lolote. Kuku wa kisasa huanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 20, hufika kileleni kabla ya wiki ya 30 au hapo karibu, kisha huteremka taratibu hadi mwisho wa kazi yake. Mtu ana kuku wa wiki 95 ananiomba dawa ya kuwarudishia ujana. Namuuliza kama Krismasi ameshapata mteja wa supu. Na kuna wanaoshuka ghafla, wiki moja tu, mayai yametoka na maganda meupe, yamekunjamana au hayana ganda kabisa. Mwenye kuku hao simuuzii kitu. Hiyo inaweza kuwa mdondo, inaweza kuwa mafua ya kuambukiza, na maabara ya serikali ya kupima mifugo, TVLA, ipo hapo Temeke, safari ya daladala. Abebe kuku mgonjwa aende akapimwe.

Nisionekane nadharau vitamini. Zenyewe zilianza kujulikana kupitia kuku. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, akitafuta chanzo cha beriberi. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba na kuanguka, miguu haina nguvu. Ikaja kubainika kuwa walikuwa wakilishwa wali mweupe uliosalia jikoni kwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya akakataa: wali wa jeshi hauwezi kupewa kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele ambao haujakobolewa, wakapona. Eijkman mwenyewe alidhani wali mweupe una sumu ndani yake. Ni mwenzake Gerrit Grijns, mwaka 1901, aliyesema kwamba kuna kitu kinachokosekana. Kitu hicho kilikuwa kwenye pumba, na leo tunakiita vitamini B1. Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Ninaipenda hadithi hii kwa sababu hakuna aliyewatilia kuku wale kitu kwenye maji. Walipewa chakula kilichokamilika, basi.

Kuku aliyefungiwa bandani hana jua, hana panzi, hana majani. Mahindi, pumba na mashudu haviwezi kumpa vitamini D, na bila hiyo chokaa yote niliyoisifu hapo juu itapita tu na kutoka kwenye kinyesi. Ndiyo maana kuna premiksi, mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula chenyewe, kwa kipimo, kila kinapochanganywa. Hiyo ni lazima, na sijawahi kumshauri mtu aiache. Cha ajabu, nauza paketi nyingi za kutia kwenye maji kuliko premiksi. Wachanganyaji wa nyumbani wanairuka ili kuokoa fedha, wiki ya tatu wanakuja kununua vitamini zilezile kwa bei ya rejareja.

Rangi ya kiini nayo inawasumbua bure. Tunalisha mahindi meupe, kiini kinatoka cheupe, muuza chipsi analalamika, mfugaji anadhani kuku ni mgonjwa. Protini iko palepale. Kama soko linataka njano, lisha mahindi ya njano, au mchicha, au majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini. Mlonge usiuzidishe, kuku atashiba nyuzi na mayai yatapungua.

Sasa nije kwenye mfuko wa chakula, maana huko ndiko maneno haya yote yalikokuwa yanakwenda. Dagaa wa Mwanza wakipanda bei, soya ikipanda bei, mfuko unaendelea kuwa na uzito uleule na jina lilelile. Kilichobadilika kipo ndani. Dagaa wamepungua, mashudu ya alizeti yenye maganda mengi yameongezeka, na hata hao dagaa wachache wameanuliwa na mchanga wao. Mama mmoja wa Kongowe aliniletea chakula alichonunua mahali, tukatia konzi mbili kwenye glasi ya maji, tukakoroga, tukaacha ikae. Mchanga uliotuama chini ungeweza kusugulia sufuria. Kuku wake walikuwa wakimaliza kilo zote zinazotakiwa kwa siku, na alikuwa ameshawapa paketi za aina tatu. Mfugaji anapunjwa protini kwenye mfuko, halafu ananunua kipande chake kidogo kwenye karatasi ya kung'aa. Analipa mara mbili, na mara ya pili analipa kwangu.

Tangu mwaka 2010 tuna sheria ya malisho na vyakula vya mifugo. Sihitaji sheria mpya. Nahitaji kuona matunda ya hiyo kwenye mifuko inayoshushwa mlangoni kwangu. Mfuko wa mbolea unabeba namba zake tatu mbele, na mkulima wa Rufiji ambaye hajawahi kusoma kemia anajua kuziuliza. Mfuko wa chakula cha kuku wa mayai unatakiwa useme vivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoziona mtu mwenye miwani kama yangu: protini asilimia ngapi, kalsiamu asilimia ngapi, umechanganywa lini, toleo namba ngapi. Chakula cha mtetea hutakiwa kuwa na protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 na kidogo. Mteja akizijua namba hizo na mfuko ukiwa nazo, ana cha kushika mkononi anapokwenda kulalamika. Leo hana. Anabaki kusema kuku wameshuka, na mchanganyaji anamjibu kuwa labda hawapi vitamini.

Wachanganyaji wanasema kupima kila toleo ni gharama itakayomrudia mfugaji. Kweli, itamrudia kwa shilingi chache kwenye mfuko. Aongeze hapo hela ya paketi anazonunua kwa mwezi, kisha alinganishe.

Kuna jambo zito zaidi, na hili si la hasara ya fedha peke yake. Geuza baadhi ya hizo paketi za kupandisha mayai, usome nyuma. Kati ya vitamini A na vitamini K kumejificha oksitetrasaiklini. Hiyo ni antibayotiki. Mbele kuna picha ya mayai, nyuma kuna dawa ya bakteria, na chini kabisa kuna mstari unaotaja siku ambazo mayai hayafai kuliwa na binadamu. Mstari huo mara nyingi ni wa Kiingereza, wakati mwingine wa lugha nisizozitambua. Mteja anaitumia kila wiki kama chai. Mayai ya siku hizo hakuna anayeyatupa. Yanakwenda kwenye chipsi za vijana wetu na kwenye uji wa lishe wa mtoto.

Na hata ukiyaacha madhara hayo, faida ya dawa yenyewe kwa kuku ni ndogo. Tetrasaiklini hushikana na kalsiamu tumboni, na mtetea aliyelishwa vizuri ana kalsiamu nyingi, kwa hiyo anafyonza kidogo. Kipimo hakitoshi kutibu ugonjwa, lakini kinatosha kuwafundisha bakteria namna ya kuizoea dawa. Pale inapoonekana imesaidia, huenda banda lilikuwa na mafua ya chinichini ambayo yametulizwa kwa muda. Ugonjwa wa aina hiyo unatakiwa kujulikana, si kufunikwa kwa picha ya trei. Umoja wa Ulaya ulimaliza matumizi ya antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na hawajaacha kula mayai.

Dukani kwangu nimezitenga. Zenye antibayotiki nimezihamishia nyuma ya kaunta pamoja na dawa nyingine za tiba, na anayetaka sharti aniambie anatibu nini. Vitamini tupu zimebaki mbele. Mauzo yameshuka, na hilo nililitegemea. Ng'ambo ya barabara yupo mwenzangu anayeuza paketi zilezile bila maswali, tena anapunguza bei kidogo. Nawaona wateja wangu wakivuka. Siwezi kumlaumu yeye, ana kodi ya fremu kama mimi, na mtu aliyekuja kwa bodaboda hatarudi Chamazi mikono mitupu. Ndiyo maana siwaombi wauzaji tuwe na huruma. Naomba mamlaka zinazosajili dawa za mifugo ziagize kwamba kila paketi yenye antibayotiki ibebe alama nyekundu mbele, jina la dawa kwa Kiswahili na siku za kutouza mayai, na kwamba isiuzwe rafu moja na vitamini. Iagizwe kwetu sote, pande zote mbili za barabara, tarehe moja.